Hofu ya Fundi Pima Tatu

Mtaa mzima ulimwita Pima Tatu, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alikuwa ameshika kazi ya umeme kwa miaka thelathini na minne, mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia moja iliyowachosha wateja: hakugusa waya kabla ya kupima mara tatu. Kwanza aliichomeka testa yake kwenye soketi yenye umeme, aone kitaa chake kikiwaka, ajue ni nzima. Kisha aliipeleka kwenye waya alioambiwa umezimwa. Halafu, wakati mteja ameshaanza kupumua, aliirudisha tena kwenye ile soketi, ahakikishe haikuharibika hapo katikati.

Watu wakamgeuza hadithi. Walisema siku ya ndoa yake alimwuliza bibi harusi mara tatu kama kweli amekubali. Mkewe, mama asiyelaza neno, alikuwa akikanusha. Aliuliza mara nne, alisema.

Wapo waliomwita mwoga, tena mchana kweupe, na yeye akaitika. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," aliwajibu, kisha akaendelea kukaza skrubu zake. Tusidanganyane, mtu anayejibu kejeli kwa methali ileile miaka nenda miaka rudi ana jambo analoficha. Pima Tatu alikuwa nalo, na hata mkewe hakulijua.

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na katika watoto wake wanne ni kitinda mimba tu, binti, aliyeufuata ufundi wa baba. Alianza kwa kumshikia ngazi siku za likizo. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, na cheti, na mkono mwepesi kuliko wa baba yake. Ndipo ikaja barua. Kampuni inayojenga laini kubwa ya umeme katika nchi ya mbali ilimtaka kwa miaka miwili, kazi ya kupanda minara, na ilitaka jibu kabla ya Ijumaa ya wiki ya tatu. Kwa umri wake hakuhitaji ruhusa ya mtu. Lakini alimwambia baba yake waziwazi, "Siondoki bila radhi yako." Baba akasema atafikiri. Akafikiri wiki mbili nzima, mpaka mkewe akamwuliza kama anafikiri au anaatamia.

Alikuwa anaogopa, na kilichomtesa ni kwamba hakujua anaogopa nini. Umeme aliujua. Minara ile hakuijua, wala nchi, wala watu watakaomwambia mwanawe "panda, tumeshazima" kwa lugha aliyojifunza juzi. Kila alipojaribu kuifuata picha hiyo hadi mwisho, ilimponyoka mkononi.

Jumanne ya wiki hiyo ya tatu baba na binti walikwenda kwa mwoka mikate, ambaye mashine yake ya kukandia unga ilikuwa imegoma. Unga ulikuwa umeshatiwa hamira na ulikuwa unavimba ndani ya sufuria kubwa bila kumsubiri mtu. Mwoka mikate alikuwa anazunguka chumba kama mwenye mgonjwa.

"Fundi, swichi ya mashine nimeizima kwa mkono wangu huu," alisema. "Fungua tu."

Pima Tatu akatoa testa. Akaanza safari yake ya kwenda kwenye soketi, kurudi kwenye waya, na kwenda tena kwenye soketi. Waya haukuwa na umeme hata chembe.

"Unaona? Sasa unga wangu ukimwagika, huo nao utaupima?" Mwoka mikate akacheka. Na binti, aliyekuwa amechuchumaa kando ya mashine na bisibisi mkononi, akacheka naye.

Walibadilisha waya uliokatika, mashine ikazunguka, mikate ikaokwa. Lakini kicheko kile kilimwingia na kukaa. Alikuwa amewahi kukisikia zamani, kwa mtu mwingine aliyekuwa karibu naye vilevile, na hakikuishia pazuri. Njiani alitembea mbele, na walipofika mlangoni akageuka.

"Huendi," alisema.

Binti akaingia ndani bila kujibu. Mama ndiye aliyejibu, na alijibu kwa wote wawili. Alimwambia mumewe kwamba mtoto si waya wa kushikwa kwa koleo. Alimwambia kuna watu wanaoita woga wao busara ili walale vizuri. Neno hilo lilimchoma, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameshajiuliza usiku mwingi: hii akili inayomwambia ngoja, ni akili kweli, au ni moyo mdogo uliopata kazi ya heshima? Jumatano watu wa nyumba wakasalimiana kama wapangaji.

Alhamisi alasiri alikuwa barazani akitengeneza pasi ya jirani. Binti akaja na kigoda, akaketi, akachukua kifuniko cha pasi akaanza kukifuta. Kwa muda walifanya kazi tu.

"Baba," alisema, "nikikwambia kitu hutanicheka?"

"Mimi nimcheke nani, mama? Mimi ndiye ninayechekwa."

"Ile barua, tangu ije, silali. Naogopa. Nikifumba macho najiona juu kabisa, halafu sijui kinachofuata. Ningejua ni nini, nisingeogopa hivi."

Pima Tatu akaweka bisibisi chini. "Mbona juzi ulicheka?"

"Nilicheka ili nisionekane naogopa. Pale ulipokuwa unapima, mimi nilikuwa nasali testa isiwake."

Hapo yule mzee, aliyenyamaza miaka thelathini na minne, akasema. Alimwambia mwanawe kwamba alipoanza kazi alikuwa na rafiki, kijana mwenzake, wakila sahani moja. Siku moja ghalani, msimamizi aliwaambia umeme umekatwa, wapande. Ngazi ilikuwa moja. Yeye alihisi moyo unakataa. Hakujua kwa nini. Hakuona cheche, hakusikia sauti, hakuwa na sababu ya kumpa mtu. Akaona haya kusema. Akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu. Rafiki yake akacheka, akasema basi naanza mimi, akapanda.

"Umeme ulikuwapo," alisema. "Watu waliniambia nina bahati. Wengine waliniambia kamba za viatu ziliniokoa, kumbe ni woga ulioniokoa. Lakini hofu ile ilikuwa yetu sote wawili, mama. Ilikuja kutuonya sote wawili. Mimi nikaificha kwa haya, nikaitumia peke yangu."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Binti hakumwambia nyamaza. Alimshika mkono, ule wenye mafuta ya pasi, akaushikilia.

Mzee akauliza, "Ukifika huko, mkubwa wako akakwambia panda, na moyo ukakataa, utafanyaje?"

"Nitamwambia naogopa."

"Mbele ya wanaume wote hao?"

"Mbele yao. Nitasema naogopa, sipandi mpaka nione mwenyewe. Na aliye nyuma yangu nitamwambia naye asipande."

"Watakucheka."

"Wacheke. Nimelelewa katika nyumba inayochekwa."

Mzee akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha akamtazama mwanawe kwa muda mrefu, usoni, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Hofu ilikuwapo pale, haikujificha popote, na binti hakuwa anainamisha macho.

"Nenda kaandike jibu," alisema. "Radhi yangu unayo, na ya mama yako, ingawa yeye alishaitoa kabla hujaomba."

Binti alisimama, lakini miguu haikutaka kuondoka. "Kwa hiyo huogopi tena, baba?"

"Naogopa. Nitaogopa kila siku mpaka urudi." Akaichukua bisibisi, akairudia ile pasi. "Ila ungekuja hapa ukaniambia wewe huogopi kitu, ungekaa nyumbani."