Fundi Konokono na koti la mama

Saa kumi na mbili asubuhi, Fundi Konokono anaweka bakuli la maji kwenye sakafu ya gari lake na kuinama kulitazama. Maji yamelalia upande mmoja. Anasogeza gurudumu la nyuma juu ya kipande cha ubao, anarudi kuangalia tena. Maji yasipokaa sawa, mkasi haushikwi.

Wateja ndio waliombandika jina hilo, maana nyumba yake anatembea nayo: kitanda cha kukunja, jiko la gesi, cherehani na magunia ya nguo kuukuu. Huu ni mwaka wa sita anazunguka mji hadi mji akifumua nguo zilizochokwa na kuzishona upya. Hatupi hata ukosi.

Bakuli lilianza baada ya aibu. Aliegesha mteremkoni, akatundika gauni darini na kupima pindo kutoka sakafuni. Mteja alipolivaa, upande mmoja uligusa goti, wa pili kifundo cha mguu.

"Nilibisha kweli. Nikamwambia, dada, simama vizuri, wewe ndiye umepinda," anasema, akicheka mpaka anashika kiuno.

Leo hacheki sana. Mteja ni mama yake mzazi, fundi mstaafu, ambaye miaka yote hii amewaambia majirani kuwa bintiye "yuko safarini tu." Ameleta suti mbili za marehemu mumewe zigeuzwe koti la kuvaa kwenye harusi ya kitinda mimba. Zikiharibika, hakuna duka linalouza nyingine.

"Nguo za watu nakata bila wasiwasi. Hizi mkono unagoma," anakiri.

Mchana, koti likiwa tayari, mama anafika. Hataki kiti. Anageuza koti ndani nje, kama mafundi wafanyavyo, na kupitisha kidole kwenye kila mshono.

"Hapa kwapani umeacha kitambaa kingi."

"Nimekusudia, mama. Ukinenepa tunaachia, ukikonda tunabana. Sitaki uje ulitupe."

Mama analivaa, anafunga vifungo vyote. Machozi yanamlengalenga. "Baba yako angelitaka lirudi kwake," anasema.

Fundi anapanga kununua trela la cherehani tatu, afundishe vijana wa kila mji anaopita. Tunapomuuliza ni lini, mama anaingilia kati.

"Ya trela mtaandika baadaye. Kwanza andikeni kwamba fundi huyu ni mwanangu."