Mpishi Anayedai Kuachwa

Kamati Tukufu ya Uhariri ya gazeti hili ina heshima kubwa kuwatangazia wasomaji kwamba, baada ya uchunguzi wa kina uliochukua majuma matatu, mwandishi wake mwandamizi ameandika maisha ya mfanyakazi mmoja wa shule yetu, bila hofu wala upendeleo.

Kamati ina watu wawili na mkasi mmoja. Mwandishi mwandamizi yuko kidato cha nne, na majuma hayo matatu aliyatumia jikoni akisugua masufuria kwa amri ya mwalimu wa nidhamu, kwa kosa la kuivisha sanamu ya mwanzilishi wa shule soksi za mwalimu mkuu.

Basi tuanze kazi.

Jua la Juni halijagusa paa la jiko, na Mai Ropa tayari amepanda juu ya kreti ya soda mbele ya sufuria linaloweza kumwogesha ng'ombe. Mkono wa kulia umeshika mugoti, mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Wa kushoto ameuning'iniza kwenye kipande cha kitambaa kilichofungwa shingoni. Tangu alipokatwa ziwa la upande huo, mkono huvimba akiulazimisha. Anakoroga uji wa watu mia sita na kumi na wawili.

"Toka kwenye moshi, Vimbai," anamwambia mwandishi bila kugeuka. "Baadaye utawaambia watu ulilia kwa huruma, kumbe kuni."

Jina lake ni Sekesai Muchabaiwa, ana miaka arobaini na sita. Binti yake Ropafadzo, ambaye kwa jina lake tunamwita Mai Ropa, yaani Mama Ropa, anafanya kazi Polokwane. Amepika hapa kwa miaka kumi na tisa, na ukitaka kujua alivyoanza, atakuambia alikuja kuuza mboga, akaona mpishi wa zamani anavyosonga sadza, ugali wetu, akashindwa kunyamaza.

Agosti mwaka jana alikuta uvimbe akioga. Oktoba akafanyiwa upasuaji. Tangu Aprili, kila baada ya majuma matatu hupanda basi kutoka Gutu, saa tano barabarani mpaka hospitali kubwa ya Harare, kutundikiwa dripu. Amemaliza nne kati ya sita. Alikuwa na kilo sabini na nne, leo ana hamsini na tisa. Siku ya pili baada ya dripu yuko kwenye kreti yake.

"Nikilala nyumbani nani atanisemesha? Kabati?"

Hapo ndipo habari yenyewe inapoanza. Wasomaji wenye moyo mwororo wanaombwa kuuweka kando.

Saa kumi na mbili na nusu, dirisha la ghala la chakula linafunguliwa. Nyuma yake yuko mtunza ghala, bwana mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Unga magunia mawili," anasema Mai Ropa. "Maharage ndoo tatu. Chumvi."

"Saini hapa."

Anasaini. Dirisha linafungwa.

Huyo mwenye kalamu ni Shadreck Muchabaiwa, mume wake wa miaka ishirini na minne. Mliyosoma hapo juu ndiyo mazungumzo yao yote ya siku hiyo, na mtaona kwamba ndani yake hamkuwa hata na habari ya asubuhi.

Alihama Novemba, majuma mawili baada ya mkewe kutoka hospitali, akaenda kukaa kwa mpwa wake ng'ambo ya uwanja wa mpira. Hakugombana. Alichukua blanketi, redio na sufuria jipya. Akawaambia walimu kwamba yeye hawezi kula kilichopikwa na mkono wenye saratani, kwa kuwa ugonjwa huo hupita kwenye chumvi.

Watu mia sita tunakula chumvi ile mara tatu kwa siku. Kama angekuwa anasema kweli, shule hii ingekuwa makaburi yenye ratiba. Mtu huyu anashika funguo za chakula chetu, na hakuna mkubwa yeyote aliyemwita kumuuliza anasema upuuzi gani. Wengine waliitikia kwa kichwa. Mwalimu mmoja, ambaye kamati ya uhariri imenikataza kumtaja kwa sababu anatufundisha sayansi, alianza kuja na mkate wake kutoka nyumbani.

"Mke wa mchungaji alikuja na chai," anasimulia Mai Ropa. "Akaniambia, 'Mwanaume ni mtoto, Mai Ropa, mvumilie.' Nikamwambia mimi watoto wangu nilikuwa nawaachisha ziwa wakifika miaka miwili. Huyu ana hamsini na moja. Na ziwa lenyewe ndiyo hivyo limeshakatwa."

"Akasemaje?"

"Akamaliza chai haraka."

Huko Harare kuna muuguzi anayeitwa Sista Mutandwa. Kabla hajagusa mshipa wa mtu anatoa karatasi na kuuliza: juma hili umelala siku ngapi? Umekula? Umelia? Nani amekuleta? Mwandishi alimpigia simu kwa simu ya matroni, ambaye hadi leo anaamini ilikuwa ikichajiwa.

"Mwanangu, mimi nawajua kabla hawajakaa," alisema. "Nikiona mtu anaangalia mlango, najua nyumbani kuna shida. Wawili wana ugonjwa uleule, dripu ileile. Mmoja ana mtu wa kumuuliza umekula nini, mwingine ana mtu wa kumnunia. Huyu wa pili ndiye anayekuja kuniambia afadhali nife. Sipimi ndoa za watu. Lakini naziona."

Kwenye kitanda cha jirani hulala Mai Chuma wa Chivhu, ambaye mumewe hushona viatu. Mume huyo hukaa naye kuanzia asubuhi mpaka dripu iishe, na hugombana bila kupumzika.

"Wanagombana kuhusu kuku," anasema Mai Ropa. "Mume kauza jogoo bila kuuliza. Mai Chuma anamwita mwizi, sindano iko mkononi. Mume anajibu, 'Pona kwanza, halafu unipeleke polisi.' Wodi nzima tunacheka. Uvimbe wa yule mama ni mkubwa kuliko wangu. Lakini analala. Mimi silali."

Mwandishi, akiwa amejaa hasira takatifu, alipendekeza vitu kadhaa vinavyoweza kutiwa kwenye viatu vya mtunza ghala. Mai Ropa alimwambia anyamaze apange sahani.

"Unadhani nataka arudi? Sitaki. Ninachotaka ni gupuro langu."

Huku kwetu mume akimwacha mke humkabidhi sarafu moja. Hiyo ndiyo gupuro. Mke huipeleka kwa ndugu zake, na kila mtu anajua yamekwisha. Asipokuwa nayo, yeye bado ni mke wa mtu, hata kama mume huyo amehama na redio.

Kaka yake Tafirenyika anaishi Bikita na ana chumba cha ziada. "Aliniambia: 'Njoo ukae, mke wangu atakutunza. Lakini uje na gupuro. Bila gupuro, Muchabaiwa anaweza kusema nimemficha mke wake, na ng'ombe wangu ndio watakaojibu kesi.' Na mimi simlaumu, ana ng'ombe wanne tu."

Mara mbili amemtumia mumewe ujumbe kumwomba sarafu. Mara zote mbili jibu lilikuwa moja: alishapata chake. Mai Ropa alidhani anasema vyombo vya nyumbani. Wakati huohuo, kule kwenye uwanja wa mpira, Muchabaiwa anawaambia watu kwamba amemwacha mwanamke na mwanamke hataki kuondoka. Watu wanacheka. Wasichana wa kidato cha pili wamemtungia Mai Ropa wimbo.

"Nasikia wanavyoniita kupe," anasema. Sasa ameacha kukoroga. "Mtu akifa, unalia, unaoga, unaendelea. Huyu hakufa, hakurudi, hakuniacha. Kila usiku nasikiliza mlango. Ubongo wangu unajua haji. Masikio hayajui. Sista aliniuliza, Sekesai, dawa inakusumbua? Nikamwambia dawa inanitoa nywele, sawa, zitaota. Kinachoniua ni huku kuning'inizwa. Akinipa ile sarafu leo, leo nalala."

Mwandishi aliomba ruhusa kwenda kunywa maji. Alikunywa vikombe vitatu.

Tumchukie Muchabaiwa, basi, kwa pamoja na kwa mpangilio. Tumchukie kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya redio. Tumchukie kwa kuwa anamwona kila asubuhi mke wake akipanda ngazi mbili za ghala kwa kupumzika katikati, na anachosema ni saini hapa. Mwandishi aliandika kurasa nne za aina hii, na mhariri wa pili akazikata kwa ule mkasi.

Ijumaa iliyopita Mai Ropa alivua aproni, akajifunga kitambaa kipya kichwani, akaniambia, "Lete daftari lako. Nataka iandikwe." Tukaenda ghalani. Mwalimu wa nidhamu alikuwa pale akidai sukari ya walimu.

"Muchabaiwa," aliita. Hakusema Baba Ropa, kama mke anavyomwita mumewe. Mwalimu wa nidhamu akaacha kuhesabu pakiti. "Nataka gupuro langu. Kaka anakuja kesho na lori la mahindi."

"Unanidhalilisha mbele ya watu."

"Nipe, nitaondoka nalo kimya."

"Nilishakupa. Februari. Unajifanya hujui ili uendelee kuning'ang'ania."

"Ulinipa lini? Uliniwekea mkono gani?"

"Nilituma."

"Ulituma?" Alisogea mpaka kifua kikagusa dirisha. "Gupuro linatumwa? Ni kiberiti? Unakaa na mtu miaka ishirini na minne, halafu unashindwa kutembea kutoka hapa mpaka jikoni? Ulimtuma nani?"

Muchabaiwa alitoa mkono dirishani, ukapita juu ya bega la mkewe.

"Huyo hapo anayeandika."

Mwandishi mwandamizi aliacha kuandika.

Ni kweli. Ni mimi. Ilikuwa Jumatano, natoka maktaba, akaniita na kunipa bahasha. "Mpelekee Mai Ropa, usifungue." Niliifungua kabla sijafika kwenye bomba. Ndani kulikuwa na robo dola moja, bila barua. Hakuna mtoto wa huku asiyejua maana yake. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nikawaza: isipofika, hajaachwa. Ili isiwezekane kuirudisha, nilikwenda duka la shule nikanunua andazi.

Nilijiona shujaa. Nilisubiri siku ambayo ningemsimulia na yeye acheke mpaka ashike mbavu.

Nilimwambia yote, pale pale dirishani. Hakucheka.

"Andazi ulilila lote?"

"Nusu nilimpa rafiki yangu Rumbi."

"Kutoka kwenye bomba mpaka jikoni ni hatua ngapi, Vimbai?"

"Thelathini, Mai."

"Ungekuja kuniuliza."

Mwalimu wa nidhamu alifungua mdomo, Mai Ropa akamwinulia kidole. "Wewe mtu mzima, simama hapo uwe shahidi." Kisha akamgeukia mumewe na kufungua kiganja. Muchabaiwa alitoa sarafu nyingine mfukoni, akaiweka kwenye mbao za dirisha. "Mkononi," alisema Mai Ropa. Mume akaiokota, akamwekea kiganjani, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba ngozi yake ikagusa ya mkewe. Hakushikwa na saratani. Hakushikwa na chochote.

Jumamosi Mai Ropa alipanda lori la kaka yake, sarafu imefungwa kwenye pindo la kitambaa. Dripu mbili zilizobaki atazifuata akitokea Bikita, wifi yake atamsindikiza. Septemba anakusudia kurudi kwenye kreti yake, na ameagiza mtu yeyote asiguse mugoti wake. Nilipomuuliza atafanya nini kwanza huko, alisema atalala.

Kabla lori halijaondoka aliniambia niandike yote na nisijipendelee. Basi nahesabu. Kutoka Novemba mpaka Juni, yule mama alikesha miezi saba. Mitatu alimkesheza Muchabaiwa. Minne nilimkesheza mimi.