Waliniita Madamu

Siku tatu kabla ya safari sikupata usingizi, na kilichonikesha kilikuwa swali moja: je, wapagazi watanitambua? Nililigeuza kila upande. Nikivaa kofia na kuivuta hadi kwenye nyusi, watanitambua? Nikijifunga skafu mdomoni kwa kisingizio cha baridi? Nikinyamaza njia nzima, wasisikie sauti yangu ambayo mama husema ni ya baba kabisa? Kila asubuhi nilimsikia mama akifagia ua wetu pale Mbugangari, mjini Gisenyi, nami bado niko macho, nimechoka kama mtu aliyekwisha kupanda na kushuka.

Ni afadhali niseme kosa langu mapema. Baba yangu alikuwa mpagazi. Kwa miaka kumi na sita alibeba mabegi ya wageni wanaopanda mlima Karisimbi, kutoka kwenye mashamba ya viazi hadi kambini, na kesho yake akayashusha. Gisenyi tulimwona mwisho wa wiki tu. Siku nyingine alilala kwa dada yake, aliyeolewa chini ya mlima. Nilipofika chuoni, mjini Huye, mwenzangu wa chumba aliniuliza baba anafanya kazi gani. Nikasema ni mwongozaji wa wageni. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Wazazi wake walirudi kutoka Tanzania, baba yake alikuwa afisa wa polisi, na ndiyo kwanza alikuwa amenionyesha picha ya baba huyo akiwa na sare. Nadhani nilitaka baba yangu naye awe mtu wa kutangulia mbele.

Lingeishia hapo, lakini mwenzangu alipenda hadithi. Baba ameshakutana na nyati? Amewahi kunyeshewa mvua ya mawe? Nilimjibu kwa mambo ya kweli ambayo baba alitusimulia nyumbani, ila kila mara nilimvua begi mgongoni kabla sijaanza kusimulia.

Mwaka wa pili darasa letu lilipelekwa kutembelea hifadhi. Nilijua baba anaweza kuwa pale, nikajiambia hifadhi ni kubwa. Tuliposhuka kwenye basi nilimwona mara moja, hatua kama kumi hivi, kwenye mstari wa wapagazi waliosimama kando ya uzio wakiwa na ovaroli zao za buluu. Alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Baba yako yuko wapi?" mwenzangu akauliza, kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona. "Nataka nimsalimie leo!"

"Leo amepanda na wageni," nikasema.

Baba alisikia. Tabasamu lilibaki kidogo usoni, kama limesahauliwa, kisha akainama na kuanza kukaza kamba za begi lililokuwa limekwisha kufungwa. Alitupa mgongo mpaka tukaondoka. Jumamosi alikuja nyumbani, akala, akaniuliza kama Huye mvua inanyesha. Nikasema inanyesha. Hakuligusa jambo lile, nami sikuligusa. Miaka miwili baadaye kifua kilimzidi, akafariki, na mimi nilikuwa bado natafuta jinsi ya kulianza.

Mwenzangu nilimpa habari ya msiba baada ya mazishi, makusudi, ili asije. Alilia kwenye simu hadi mimi ndiye niliyembembeleza. Tulipohitimu akaja na wazo lake: tumpandie baba mlima, sisi watano tuliokuwa marafiki darasani. Tukifika kileleni atasema maneno machache juu ya mwongozaji aliyepita njia ile maisha yake yote. Niliandika ujumbe wa kukataa mara nne na kuufuta mara nne. Mara ya tano niliandika, "Asante, umefanya jambo kubwa," nikatuma.

Asubuhi ya safari wapagazi walisimama kwenye uzio uleule. Mmoja nilimjua hata kabla gari halijasimama. Alikuwa jirani yetu tangu tulipoishi Goma, ng'ambo ya mpaka, wamekua pamoja na baba, na kila mwaka mpya alikula mezani kwetu. Alishika upande wa mbele wa jeneza. Nyumbani namwita papa, kama baba yangu wa pili. Alikuja moja kwa moja hadi kwangu, nami nikashika ukingo wa kofia nikingoja aniite kwa jina la utotoni.

"Madamu, hii ndiyo begi yako?"

"Ndiyo."

"Iko muzito, madamu. Umetia mawe ndani?"

Wenzake wakacheka. "Siyo mawe, mzee," akadakia mwenzangu. "Huyu amebeba famasi. Ana dawa ya tumbo, ya kichwa, ya kizunguzungu, na ya magonjwa ambayo hayajagunduliwa."

Ilikuwa kweli, nikacheka na mimi. Nilijisikia mwepesi ghafla. Hakunitambua. Kofia imefanya kazi. Nikaanza hata kumlaumu: imewezekanaje asinitambue?

Tulipita mashamba ya pareto, tukavuka ukuta wa mawe unaozuia nyati, na askari waliotusindikiza wakagawanyika mbele na nyuma. Baada ya hapo ni matope. Unachomeka fimbo, unavuta mguu, buti linataka kubaki. Mwongozaji wetu, kijana mpole mwenye redio kifuani, alisema hakuna kuachana, tutaenda kwa mwendo wa aliye mwisho. Aliye mwisho nilikuwa mimi. Papa alikuwa nyuma yangu na begi langu, na kila nilipoteleza nilisikia, "Polepole, madamu." Mpagazi mwingine alinipa mkono kwenye mti ulioanguka: "Pita hapa, madamu." Huyo naye alikuwepo mazishini, alipiga sepetu. Nikaanza kuhesabu nyuso. Watatu kati ya watano walikuwa wamekaa uani kwetu siku zote za matanga, na hakuna hata mmoja aliyenijua?

Tulipumzika chini ya miti mikubwa iliyofunikwa kuvumwani. Mwenzangu akamgeukia mwongozaji. "Ulimfahamu baba yake huyu? Alikuwa mwongozaji hapahapa. Amefariki mwaka jana."

"Mimi nina miaka miwili tu hapa," akasema kijana. "Uliza wazee." Akamwonyesha papa kwa kidevu.

Mwenzangu alihamia kwenye jiwe la karibu naye. Alimwelezea baba vizuri: mrefu, mwenye pengo la meno ya mbele kama langu, mtu wa Gisenyi. Nilitazama matope kwenye buti zangu. Nilisikia papa akitafuna kiazi kitamu, akimeza.

"Nilimufahamu," akasema. "Bon, ni yeye alikuwa anatuongoza. Mutu muzuri sana."

Wapagazi wengine walikuwa wanatazama vikombe vyao. Mmoja akasema taratibu, "Mungu amulaze." Mwenzangu alikuja kunikumbatia, macho yamejaa machozi. "Umesikia? Hata wao hawajamsahau." Juu ya bega lake nilimwona papa akifunga mfuniko wa chupa yake ya maji, na ndipo nilipojua kwamba walinitambua wote tangu kule kwenye uzio.

Tulifika kambini saa tisa na nusu, ukungu ukiwa umeziba kila kitu isipokuwa mahema. Wenzangu walijilaza. Mimi nilienda kwenye banda la mabati la wapagazi, mahali wageni hawaendi. Papa alikuwa anamenya viazi kando ya moto.

"Papa," nikasema.

Alichungulia nyuma yangu kwanza. "Madamu, unatafuta maji ya moto?"

"Usiniite hivyo, tafadhali. Kwa nini umewadanganya?"

Akaweka kisu juu ya goti. "Ni baba yako alitukataza. Unakumbuka ile siku mulikuja na bus ya chuo? Kesho yake tulipanda na wageni, tukakaa hapa. Mi nikamucheka. Nikasema, we vieux, we muzee, mutoto amekukana mbele ya watu, na we unafunga begi yenye ilishafungwa! Wote walicheka. Akakasirika. Miaka yote ile, sikuwa nimemuona amekasirika."

"Alisema nini?"

"Alisema, mutoto yangu hajanikana. Iko anatafuta njia yake. Siku atapita huku na wenzake, asikuwe mutu wa kumusalimia kama mutoto wangu. Mumuite madamu, mubebe begi yake vizuri. Akatuapisha, moja moja. Hata ule kule." Alimwonyesha yule aliyenipa mkono, ambaye alijifanya anapuliza moto. "Donc, ndiyo maana tumekuita madamu."

Nilitaka kuuliza mambo mengi, likatoka moja. "Aliumia?"

Papa aliokota kiazi kingine. "We unafikiri nini?"

 Moshi ulinipa sababu ya kufuta macho. Baadaye nikamuuliza kama baba alipenda kule kileleni, kwa sababu katika hadithi zake zote hajawahi kupasimulia.

"Kileleni?" Alicheka kidogo. "Porteri anaenda kufanya nini juu? Wageni wanapanda na gide, sisi tunabaki kulinda matenti na kupika. Mara moja gide mumoja alimuita, akasema aende kuona. Baba yako akasema magoti inauma, na huku chini iko kazi. Hajafika, mutoto yangu. Mi pia."

Alijisikia akiniita hivyo, akatazama tena upande wa mahema yetu, kisha akaendelea kumenya.

Mpaka kulipopambazuka nilikuwa nimeshapanga njia tatu za kujitoa. Ya kwanza: nipande, nisikilize hotuba, niseme ukweli siku nyingine. Ya pili: nimwambie mwenzangu tukiwa tunashuka, watu wakiwa wamechoka na hawana nguvu ya kukasirika. Ya tatu: nimwandikie kutoka Gisenyi, ujumbe mrefu, nikiwa sioni uso wake. Zote zilikuwa nzuri. Niliona pia kwamba zote ni zilezile nilizomfanyia baba kwa miaka miwili, mpaka akafa. Na huko juu maneno yatasemwa, yatapigwa video, yatamfikia mama. Mtu atakayeombolezwa pale atakuwa mwongozaji ambaye hajawahi kuwepo, na mtu aliyelala mara nyingi kwenye banda lile la mabati hatasemwa popote.

Saa kumi na moja na nusu mwongozaji alipita akigonga mahema. Tulikunywa chai tukiwa tumesimama. Mwenzangu alikuwa na karatasi mkononi, anarudia maneno yake midomo ikitikisika.

"Usiyasome hayo," nikasema. "Baba yangu hakuwa mwongozaji. Alikuwa mpagazi. Alibeba mabegi kutoka kule chini hadi hapa, kama hawa. Kileleni hakuwahi kufika. Siku ile darasa lilipokuja hakuwa amepanda; alikuwa amesimama pale kwenye uzio, alinisikia."

 Wavulana wawili wa kundi letu walitazama chai yao.

"Na yule mzee jana?" mwenzangu akauliza.

"Alikuwa ananifichia."

"Miaka mitano." Alikunja karatasi mara mbili, akaikunjua, akaikunja tena. "Nimelala na wewe chumba kimoja. Nilikuonyesha baba yangu, picha zake, kila kitu. Ulidhani ningemcheka?"

"Nilidhani hivyo."

"Basi hukunijua hata kidogo."

Hilo nililistahili. Mwongozaji alitazama saa yake, akasema kwa upole kwamba kilele hakisubiri, ukungu ukipanda hatutaona kitu. Nilimwambia mimi nabaki. Alinitazama kama naumwa, akaniuliza kuhusu kichwa, kuhusu kupumua. Nikasema siumwi. Akasema kwenye redio kwamba wanapanda wanne. Mwenzangu alichukua fimbo yake, akapita mbele yangu bila kunigusa, na sijui hadi leo kama karatasi ile aliisoma kule juu, aliitupa, au alirudi nayo.

Walipopotea kwenye mwinuko nilienda kwenye banda. Wapagazi wote watano walikuwa wamesimama mlangoni, walikuwa wamesikia. Niliwaamkia mmoja mmoja kwa mikono miwili, kama nilivyopaswa kufanya jana yake. Nikawaambia mimi ni mtoto wake, na kwamba kiapo kile nimekifungua mimi. Kisha nikavua kofia, nikakunja mikono ya koti, nikaanza kung'oa vigingi vya mahema pamoja nao.