Kadi za Majina Mezani kwa Mke wa Rais

Nilichokiona kwanza kwa mke wa Rais ni madoa ya wino vidoleni, kwani kila asubuhi huyasoma magazeti yote ya Washington kabla ya mumewe na kuyapigia mstari mambo ambayo mumewe hapaswi kuyakosa. Hotuba hatoi, kura hana. Ana kadi za majina ya wageni, na huzipanga mezani mwenyewe, akiimba kwa sauti ya chini. Jana, muswada wa pensheni za wauguzi wa vita ukiwa umepungukiwa kura moja tu, alimketisha Seneta Yarnell, anayeupinga, kando ya muuguzi mzee, Bi Keziah Thorne.

“Mama, atakasirika!” nilimnong’oneza, mimi mwandishi wake wa barua.

“Akasirike huku anakula, mwanangu.”

Supu haijapoa, Bi Keziah akacheka: “Seneta, kidonda cha mguu wako huo nilikiosha mimi kule vitani, nawe ukinililia kama mtoto! Leo hunijui?”

Yarnell akaweka kijiko chini, akamgeukia muuguzi wake.

Sasa mimi na Mama tuko kwenye roshani ya watazamaji katika Seneti. Kura zimelingana, na karani amebakiza jina moja, Yarnell. Huyo anasimama: “Ndiyo!”