Jina Lina Mwenyewe

"Ukimwona anakuja, funga mlango," aliniambia Nonie Creedon, jirani yangu, hata chai hajaionja. "Usimwonyeshe mtoto. Yule bibi hana swali jingine kwa mzazi: ameshabatizwa? ameshabatizwa? Ubatizo wa watoto wa watu unamhusu nini?"

Alikuwa anamsema Gobnait Kelleher, mjane wa nyumba ya juu, ile ya mwisho kabla barabara haijageuka kuwa njia ya kondoo. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka hospitali ya mjini Cork na binti yangu wa pili, bado nakaa kwa upande mmoja kwa maumivu ya kushonwa.

"Na akishauliza, inakuwaje?" nikamwuliza.

"Anataka umpe mtoto jina lake, ndivyo inavyokuwa. Mke wa Jer Lucey alikataa. Umesahau mimba yake iliyofuata iliishia wapi?" Nonie akasogeza kiti. "Halafu watu wamemwona, shoga. Anapita pale kwenye pengo la ukuta, anaingia uwanja wa watoto. Anaongea peke yake humo."

Uwanja wa watoto tunaujua sote. Ni pembe ya shamba yenye miti ya miiba na mawe madogo yaliyosimamishwa, ambako zamani walizikwa waliokufa kabla ya kubatizwa. Padri hakuja, msalaba haukuwekwa. Hakuna anayelima pale, na sisi tulipokuwa wadogo tulipigwa tukiufuata mpira uliodondokea humo.

"Labda anawaombea," nikasema.

"Haya, wewe mwenye moyo mzuri. Mimi nimekwambia," akasema Nonie, ndipo akaikumbuka chai yake.

Nilikaa na maneno yale siku kadhaa. Nilikuwa namjua yule bibi kwa mbali tu, koti la kiume na buti kubwa, kanisani akikaa kwenye nguzo ya nyuma. Jina lake ndilo lililokuwa likinishangaza, maana hakuna mwingine aliyebaki nalo upande wetu wa mlima.

Ni jina la mtakatifu wetu wa Baile Bhuirne. Wazee husema malaika alimwambia asijenge mpaka awaone paa weupe tisa wamelala pamoja, naye akawaona hapa kwetu, akajenga. Wezi wa ng'ombe walipokuja akawafungulia nyuki. Kwa hiyo wengi wanaamini jina lenyewe maana yake ni nyuki. Padri wetu aliwahi kuhubiri kwamba asili yake ni neno lenye maana ya mhunzi, na kwamba karibu na kisima chake palichimbuliwa mabaki ya kazi ya chuma. Wazee walimsikiliza kwa adabu, wakatoka nje wakaendelea na nyuki wao.

Zamani kila nyumba ilikuwa na Gobnait wake, nyingine bibi na mjukuu pamoja. Wakienda Cork au Amerika kufanya kazi za ndani, matajiri wao walishindwa kulitamka, wakawaita Abbey au Debora, na wengine walirudi na hayo hayo. Darasani kwangu alikuwepo mmoja. Wavulana walimvumia kama nyuki mpaka akalia, na alipopelekwa shule ya mjini akasema anaitwa Deirdre. Baada ya hapo sijasikia mtoto aliyepewa jina lile. Sasa ni akina Sharon na Michelle.

Basi akaja, mwanzoni mwa Februari, mvua inanyesha kwa upande. Sikufunga mlango.

"Mungu awe humu ndani," akasema.

"Karibu, bibi. Sogea motoni."

"Sikai. Nimesikia umepata msichana." Hata hivyo akakaa, ukingoni mwa kiti, maji yakimchuruzika kwenye koti. Nikampa chai na kipande cha mkate wa magadi. Mkate hakuugusa. Alikuwa anamtazama mtoto kwenye kitanda chake, lakini mikono ameibana magotini, kama mtu aliyekatazwa kushika.

"Ameshabatizwa?"

Lilikuwa swali lile lile alilonionya Nonie. "Bado, bibi. Mama mkwe anataka tungoje sikukuu ya Mtakatifu Gobnait. Anasema msichana akibatizwa siku ile anakuwa na bahati."

Akakiondoa kikombe magotini. Akakishusha polepole mpaka sakafuni.

"Mama mkwe wako ndiye aliyesema?"

"Ndiye."

"Na wangu alisema hivyo hivyo."

Nikamwangalia. Sikujua kwamba aliwahi kuzaa. Watu wote walimwita tasa, hata Nonie ambaye hapitwi na kitu.

"Ulikuwa mwaka wa theluji," akasema, anauambia moto. "Nilimpata mwisho wa Januari. Ananyonya, ana nguvu, ukimpa kidole hakiachii. Mama mkwe akasema, ya nini kumtoa kwenye baridi hii sasa na kumtoa tena siku ya sikukuu? Tumbatize siku ya mwenye jina, aitwe Gobnait kama mama yake. Nikaona ni heshima, mwanangu. Nilifurahi. Na wakati ule mtoto haitwi jina kabla hajapata maji, si unajua? Tukawa tunamwita mdogo. Mdogo analia, mdogo amelala."

Mvua ilikuwa inapiga dirisha.

"Sikukuu ilikuwa imekaribia kabisa. Asubuhi nikamshika, nikamkuta baridi."

"Pole, bibi."

"Mtu yeyote anaweza kumbatiza mtoto akiona hatari. Kikombe cha maji kinatosha, tulifundishwa shuleni. Lakini hatari yenyewe nani aliiona? Padri akasema hawezi kumzika kanisani. Diarmuid, mume wangu, akagongomea kisanduku cha mbao zizini, akaenda naye alfajiri. Akina mama hatukuruhusiwa kwenda. Aliporudi viatu vimejaa udongo akaniambia: chini ya jiwe jeupe lenye ncha, upande wa mti. Mpaka anakufa hatukulitaja tena."

"Siku hizi mapadri wanasema watoto wale wako kwa Mungu," nikamwambia.

"Wanasema sasa. Yule aliyenikatalia alikufa na uhakika wake." Akainuka, akafunga koti. "Usingoje, mama. Sikukuu itarudi kila mwaka."

Huruma ikanishika, nikatamka bila kufikiri. "Nimpe jina lako, bibi? Lisipotee."

Alinigeukia haraka, na kwa mara ya kwanza nikaona hasira usoni kwake.

"Usimpe! Nani amekwambia nagawa jina? Watamcheka shuleni, kwanza. Tena lina mwenyewe. Kakaa nje miaka yote hii analingoja, halafu nimpe mwingine?" Kisha akalainika, akanishika bega kidogo. "Mpe jina la kwenu, mwanangu. Mpe upesi."

Jioni nilimweleza mume wangu, Con. Mama mkwe akasikia kutoka chumba cha pili, akatoka na rozari mkononi.

"Umemwingiza yule mwanamke? Na sasa ndiye anayetupangia?"

"Mama, mtoto ni wetu," akasema Con. Hakuongeza neno, lakini alichukua tochi akaenda nyumbani kwa padri. Jumapili iliyofuata tukambatiza, Caitríona, jina la mama mkwe mwenyewe. Hilo lilimnyamazisha kidogo. Nonie alikuja kula keki, akaninong'oneza kwamba nimeponea chupuchupu.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa. Sanamu ya zamani ya mbao ilitolewa ikalazwa mezani kama kawaida, watu wakapanga foleni kupima tepe zao juu yake, kichwani mpaka miguuni, kisha kuizungushia. Utepe uliopimwa hivyo tunauweka nyumbani kwa ajili ya wagonjwa na wazazi. Niliutazama mlango muda wote. Gobnait Kelleher hakuja, naye hakuwahi kukosa.

Nikampimia utepe wake, nikapanda mlimani, mtoto nimemfunga ndani ya koti.

Nilimkuta kitandani. Moto wa mabonge ya mboji, tunayochoma badala ya kuni, ulikuwa umebaki majivu. Kifua chake kilikuwa kinakoroma, na muuguzi wa wilaya alikuwa ameshapita asubuhi akasema gari litakuja. Mpwa wake alitaka apelekwe Cork, kwenye nyumba ya wazee ya masista.

"Huko hawarudi watu," akasema. Nilimfungia utepe kwenye kifundo cha mkono, akauangalia tu. "Ameshabatizwa?"

"Jumapili, bibi. Caitríona."

"Caitríona." Akatabasamu bila kufumbua midomo, macho yakabaki na majonzi yake. "Alilia?"

"Alipiga kelele, padri akarudi nyuma."

"Ndivyo inavyotakiwa."

Niliwasha moto, nikampa maji ya moto yenye sukari. Nje paligeuka kijivu, na gari bado. Nilipokuwa namsogezea mto akanishika mkono, kwa nguvu ambazo sikudhani anazo.

"Unisikilize. Simwambii Nonie, kesho habari ingekuwa imeenea mji mzima wa Macroom. Mpwa wangu atanizika vizuri, ni mtu wa heshima, atanilaza na Diarmuid kwenye makaburi ya kanisa. Lakini hajui kitu, na mimi sina ujasiri wa kumwambia. Wewe huna maneno mengi. Wakinileta nimekufa, kabla hawajafunga jeneza, nenda uwanja wa watoto. Chini ya jiwe jeupe lenye ncha, chota udongo kiganja kimoja. Uniwekee hapa, kwenye mkono wa kushoto, ndiko nilikokuwa namlaza. Na ukiwa unachota, mwite. Usinong'one kama mwizi. Sema Gobnait, njoo, mama yako yuko tayari. Mimi miaka yote namwambia 'wewe' tu, nimeogopa kulitamka jina bila maji. Wewe huogopi, mwanangu. Utamwita?"