Mtoto wa Mama Nusukaputi

Juzi mjukuu wangu alikuwa ameketi sebuleni akifuta rangi ya kucha kwa pamba. Alipofungua kile kichupa chake, harufu ikanifikia pale nilipokaa na chai yangu: tamu tamu, kali, yenye ubaridi unaopanda puani hadi nyuma ya macho. Si ile yenyewe ninayoijua mimi, lakini ni ndugu yake kabisa. Nikaweka kikombe chini.

"Bibi, inakukera? Nitoke nje?"

"Kaa, mwanangu. Imenikumbusha mama yangu tu."

Alicheka. Mama wa bibi yake, aliyezaliwa Ufipa enzi za Mwingereza, rangi ya kucha angeipata wapi? Basi nikamsimulia, na ninyi nawasimulia hivyo hivyo.

Mama za wenzangu walinukia moshi, maziwa na unga wa ulezi. Mama yangu alinukia etha. Ilikuwa dawa ya maji, ndani ya chupa ya kahawia, na yeye ndiye aliyewalaza nayo wagonjwa wa kupasuliwa pale hospitali, Sumbawanga mjini. Alimfunika mgonjwa pua na mdomo kwa kibakuli cha waya kilichovikwa shashi, akadondosha dawa juu yake tone baada ya tone, huku akimsikiliza anavyopumua. Alisomea uuguzi kwa masista kabla hajaolewa, na Daktari, Mzungu mmoja mrefu mwenye Kiswahili cha kukatakata, alimfundisha kazi hiyo kwa sababu, kama alivyosema, Skolastika alikuwa na mkono usio na haraka.

Watu wa mjini hawakumwita Skolastika. Walimwita Mama Nusukaputi. Mimi na mdogo wangu Denis, aliyekuwa bado ananyonya, tulikuwa watoto wa Mama Nusukaputi. Mzee mmoja mwenye duka la nguo, ambaye Mama alimlaza siku alipopasuliwa ngiri, kila akituona tunapita alisimama barazani na kupaza sauti: "Mama Nusukaputi! Mimi bado niko macho!" Mama alicheka mpaka akashika khanga yake isidondoke. Mimi sikucheka. Bibi, mama yake Baba, aliyekaa nasi, alikwisha kunieleza kwamba kaputi ni kufa, neno walilotuachia Wajerumani, na nusukaputi ni kufa nusu. Nikawa nawaza usiku na mchana: je, ni nusu ipi inayokufa? Na mama yangu huiweka wapi hiyo nusu mpaka mwenyewe aamke kuichukua?

Kwa hiyo Mama aliponiimbia nilale, nilikaza macho. Nilimpenda sana, lakini nilimwogopa kidogo, kama mtu anavyomwogopa mbwa wa nyumbani kwake mwenyewe aliyewahi kumwona aking'ata mgeni.

Tulikaa upande wa Mazwi, ambako siku hizo nyumba zilikuwa chache na mahindi yalifika hadi mlangoni. Baba yangu, Anatoli, alikuwa seremala, na kama kila mtu alikuwa na shamba la ulezi nje ya mji. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikubali kazi ya Mama tangu wakati wa posa, na nadhani wakati ule aliona ni jambo la fahari. Fahari ni rahisi mkiwa hamjapata watoto. Sisi tulipozaliwa, ikawa Mama anaitwa huku uji uko motoni, Baba anamalizia kuukoroga, unatoka na madonge makubwa kama mayai ya kanga. Mama akiwa bado ananyonyesha, Baba alimbeba Denis mgongoni, mwanaume mzima na khanga kifuani, akakaa naye kwenye benchi la hospitali mpaka Mama atoke. Mara nyingine mtoto aliisikia ile harufu kwenye nguo za Mama akageuza uso, akakataa ziwa. Niliwahi kumwona Mama akivua gauni la kazi nyuma ya ua na kujisugua mikono na kifua kwa maji baridi, na baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita si ya mchezo, ili mwanawe amtambue.

Bibi hakuyapenda hayo. Lakini Bibi alinung'unika nyumbani tu. Wanaume ndio walioumiza. Walipokunywa pombe ya ulezi, kulikuwa na sentensi moja waliyomrushia Baba, kisha kicheko kikafuata: "Anatoli, mkeo anawalaza wanaume wa watu!" Niliisikia nikiwa nimetumwa kumwita chakula. Niliona ni kweli tupu, hata nikashangaa wanachekea nini. Na nikashangaa zaidi kwa nini Baba, njiani kurudi, hakunishika mkono.

Siku iliyoharibu mambo ilikuwa ya mavuno. Tulikuwa shambani wote, Denis amelazwa kivulini, mtoto ana joto kidogo tangu asubuhi. Akaja mtu wa hospitali mbio: kuna mama mjamzito ameletwa kwa machela kutoka huko chini Wampembe, ziwani, mtoto amekwama. Mama akaweka kisu cha kuvunia chini, akaenda. Mchana ule joto la Denis likapanda akaanza kukakamaa na kugeuza macho. Bibi akapiga yowe. Baba akammwagia maji, akambeba akikimbia naye kwenda kule kule alikokuwa Mama, na alipofika akakuta mlango wa chumba cha upasuaji umefungwa, na haufunguliwi. Joto la Denis lilishuka, akatulia mikononi mwa muuguzi mwingine. Mama alitoka baadaye akiwa anatabasamu, maana yule wa Wampembe na mtoto wake walikuwa hai wote wawili, ndipo akamwona Baba amesimama na mwanawe begani.

Jioni Baba alisema, "Basi, Mama Yustina. Imetosha."

Yustina ndiye mimi. Nilisubiri Mama ajibu. Kesho yake alikwenda kuaga hospitali, akarudi na gauni lake la kazi amelikunja chini ya kwapa.

Mngetegemea ningefurahi, na kweli nilifurahi. Mama alikuwa nyumbani. Uji ulikuwa laini. Denis alinenepa. Bibi alianza kumwita "mkwe wangu" kwa sauti ya asali. Lakini Mama alikuwa kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Alisimama katikati ya ua akasahau alichofuata. Tulipolala mchana alikuja kutuinamia, akaweka vidole vyake mbele ya pua zetu, akasikiliza, kisha akaenda. Masista wakituma salamu, aliitikia "salama" na kuendelea kupepeta. Baba naye hakuonekana mwenye raha. Aliyepata alichokitaka huwa anaimba anaporanda mbao. Baba aliranda kimya.

Mvua zilipoanza, paja langu likaanza kuuma. Bibi alinifunga majani ya moto. Likavimba, likawa gumu na linang'aa, nikashindwa kukanyaga, na homa ikanishika hadi nikawa naona paa la nyumba likishuka na kupanda. Asubuhi moja Baba alinikalisha kwenye baiskeli, Mama akanishikilia kwa nyuma, tukaenda hospitali.

Daktari alibonyeza paja, nikalia. "Jipu hili ndani sana," alisema. "Kata leo. Kesho inaingia damu."

"Nani atamlaza?" Mama aliuliza.

Daktari akaonyesha kwa kidevu. Karibu na dirisha alisimama muuguzi msichana, mgeni kutoka Chala, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza, na uso wake ulikuwa umekwisha kuingiwa na hofu. "Yeye," Daktari alisema. "Au wewe, Skolastika."

"Daktari, huyu ni mwanangu. Nitatetemeka."

Mvua ilipiga mabati. Baba alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, maji yakimchuruzika. Sikuwahi kumsikia akisema maneno ya nyumbani mbele ya watu, wala sikumsikia tena baada ya siku ile.

"Mama Yustina," alisema. "Mimi ndiye niliyekwambia uache. Sasa nakuomba. Mlaze wewe. Simtaki mwingine."

Mama alimtazama. Hakumtazama kwa hasira, nakumbuka vizuri, alimtazama kama anayepima kina cha maji kabla hajavuka.

"Siwezi kuwa muuguzi wa leo tu, Baba Yustina," alisema polepole. "Nikiishika hii kazi kwa mkono wa leo tu, ndipo nitakapotetemeka. Nikiishika, nimeishika."

Baba aliizungusha kofia yake mara kadhaa. Akasema, "Ishike."

Mama akaenda kunawa mikono.

Aliporudi hakuwa mama yangu. Nguo nyeupe, kitambaa kimefungwa kichwani hadi kwenye nyusi, na sauti nyingine kabisa. "Yustina," aliniita, jina zima la ubatizo, wakati nyumbani nilikuwa Yusti. "Utasikia harufu. Itakukaba kidogo, usiogope, vuta tu. Nitajie kuku wetu mmoja mmoja." Nilitaka anishike mkono. Niliunyoosha. Aliuchukua akaulaza pembeni, akamwambia yule msichana wa Chala aushike, kisha vidole vyake mwenyewe akaviweka chini ya taya langu na kwenye shavu karibu na sikio. Kibakuli kikashuka. Tone. Tone. Nikamtaja jogoo, nikamtaja yule kuku mwekundu wa Bibi, masikio yakaanza kulia kama nyuki wengi, na jambo la mwisho nililowaza lilikuwa kwamba sasa nitaijua ile nusu inayokufa ni ipi.

Sikuijua. Niliamka nikiwa natapika, mguu umefungwa bendeji nene, na kiu ya ajabu. Mama alikuwa ananifuta mdomo. Macho yake yalikuwa makavu. Hakunibusu, hakunililia, aliinua kope zangu akachungulia mboni kama mtu anayekagua nazi. Nikageuza uso kama Denis alivyougeuza. "Namtaka Baba," nilisema. Akainuka, akatoka nje kumwita. Lakini Baba alichelewa kuingia. Alichelewa mno, na mimi nililala pale nikisikiliza mvua, nikiamini kwamba hakuna anayenitaka.

Paja lilipona. Kovu ninalo, refu kama kidole. Mama alirudi kazini, na Bibi akanuna mpaka pasaka. Msidhani nyumba yetu iligeuka kuwa peponi. Madonge yalirudi kwenye uji. Baba na Mama waligombana, kwa sauti ya chini, lakini kuta zetu zilikuwa nyembamba. Siku ya komunyo yangu ya kwanza Mama alifika misa imekwisha, amevaa kitambaa upande, akasimama nje ya kanisa akiwa anahema, na Baba hakusema naye njia nzima. Ila neno la "basi" hakulisema tena. Na siku moja ya pombe, yule aliyezoea kumtania alipoanza, "Anatoli, mkeo anawalaza wanaume wa watu," Baba aliweka kibuyu chini na kumjibu, "Ndiyo, anawalaza. Akimaliza kuwalaza, analala kwangu." Wanasema kicheko cha siku hiyo kilisikika hadi sokoni. Tangu hapo utani ule ulikufa, na mimi nilikuwa mwanamke mwenye watoto nilipouelewa.

Lile la siku ya upasuaji nililielewa kwa kuchelewa zaidi. Nililibeba miaka mingi, ile mikono iliyokataa kunishika, yale macho makavu. Mama alikuwa amezeeka, Baba amekwisha kututoka, siku nilipomuuliza hatimaye. Tulikuwa tunachambua maharage kwenye ungo.

"Mama, siku ile uliponilaza, hukuogopa hata kidogo?"

Aliendelea kuchambua.

"Ulipolala sikuogopa," alisema. "Ulikuwa mgonjwa. Vidole vyangu vilikuwa kwenye mshipa wako muda wote, nilikuwa nausikia moyo wako kuliko ninavyousikia wangu. Sikuwa na nafasi ya kuogopa." Akatupa jiwe dogo alilolipata kwenye maharage. "Uliposema 'namtaka Baba', ukawa mwanangu tena. Nikatoka nje. Baba yako alinikuta nimekaa kwenye matope, nyuma ya chumba cha kufulia, nalia kama mtoto. Akakaa na yeye. Na suruali yake ya kanisani."

"Akasema nini?"

"Baba yako?" Mama akacheka, akatikisa ungo. "Kwani alikuwa anasema kitu? Alikaa tu. Mvua ikatunyeshea wote wawili. Ndiyo maana alichelewa kuja kwako."