Mbio za Wageni na Paa la Bi Mize

Nilisikia nyundo kwanza. Ko, ko, ko, halafu kimya, halafu mlio mkavu wa msumari unaong'olewa kwenye bati, na nyuma ya mlio huo majembe, mengi, yanaingia ardhini kwa pupa, na mimi niko mbele ya wageni wanne tunakimbia polepole njia ya pwani, sioni kitu kwa sababu ya kona ya mikoko, nikasema moyoni, kijiji kimeamka mapema leo, mashallah. Naona haya mpaka sasa nikiikumbuka mashallah ile. Kelele zote zile nilizileta mimi, kwa kopo moja la rangi, na ningekuwa na pa kujificha ningeshahamia huko, lakini kijiji chetu kimebanwa baina ya bahari na mashamba, ukijificha unaonekana.

Tuanze na kopo. Ami Seif, ndugu yake baba, amejenga nyumba ndogo ya wageni ufukweni, mbele kidogo ukishapita kijiji cha Vitongoji, na wageni wake wakiamka hawatulii, wanataka kukimbia. Mimi nakimbia tangu nilipokuwa chuoni Unguja, basi Ami akaniambia, "Si wewe huna kazi asubuhi? Watafutie njia nzuri, zinazoonesha bahari." Nilifurahi kupita kiasi. Nikawapatia njia tatu: moja inafuata mchanga maji yakitoka, pale mwani unapoanikwa na harufu yake inakukaa kifuani, nyengine inapanda kwenye mikarafuu, kivuli mwanzo mwisho, na ya tatu, ninayoipenda zaidi, inazunguka ghuba ya mikoko, inapita nyuma ya nyumba za watu, kisha bahari inakutokea usoni ghafla, pana, imetulia, kama mtu aliyekuwa anakungoja na hakuchoka.

Shida ni kwamba kwenye njia hiyo ya tatu wageni walikuwa wanapotea. Mmoja alitokea uwanja wa madrasa na kaptura yake, ustadhi ikabidi awageuze watoto wote watazame ukuta. Ndipo nikaamua kuweka alama. Jambo dogo kabisa. Kulikuwa na rangi nyekundu iliyobaki Ami alipopaka boti yake, nikaanza kuchora mishale, lakini mshale kwenye gome la mnazi hautoki vizuri, unakuwa kama samaki, nikachoka, nikasema, ah, nitaweka X tu, mgeni akiiona ajue hapo anakata kona. X nyekundu. Kwenye minazi, kwenye mawe, kwenye mfenesi wa njia panda, na kwa kuwa kona ya mwisho haina mti wala jiwe, kwenye ukuta wa nyumba ya Bi Mize.

(Najua. Chekeni. Kila mtu nchi hii anajua X nyekundu ukutani maana yake nini: barabara inapita, au mwekezaji kapewa eneo, nawe toa vyombo vyako. Mimi pia nilijua. Siku ile kichwa changu kilijaa mandhari, hakikuwa na nafasi ya kitu chengine.)

Nilipaka alfajiri, watu hawajatoka, kisha nikaenda zangu Wawi kwa dada yangu, nikakaa huko siku mbili nikila vizuri. Nikarudi na gari ya mwanzo ya asubuhi, wageni wameshafunga viatu, tukaondoka hapo hapo. Ami mwenyewe hakuwa na habari yoyote, maana hakuna aliyemwambia neno: kijiji kizima kilikuwa kinaamini yeye ndiye aliyeiuza pwani.

Tulipoimaliza kona nikaona. Njia yangu nzuri imepandwa migomba. Imepandwa mihogo, imepandwa miche ya minazi, imesimamishwa miti ya banda, na akina mama wamevuta kanga kiunoni wanachimba kwenye mchanga ambao haujawahi kuotesha kitu. Mgeni mmoja aliyejifunza Kiswahili kidogo akaniuliza, "Leo sikukuu ya miti?" Nikamwambia ndiyo. Pembeni alikuwapo Mzee Kombo anapanga mawe kwa mpangilio wa kaburi.

"Mzee Kombo, shikamoo. Kaburi la nani hilo?"

"La babu yangu."

"Babu yako si kazikwa Kojani?"

"Nyamaza weye! Wapimaji wakija utasema yupo hapa. Kwani hujasikia? Pwani imeuzwa, tumetiwa X. Panda chochote yakhe, upate fidia."

Nikageuka kuiangalia nyumba ya Bi Mize, na pale nikajua nyundo ilikuwa inafanya nini. Faki, mkwewe, kakaa juu ya ukuta anang'oa mabati, wayaokoe kabla tingatinga halijafika, na nusu ya nyumba tayari iko wazi, mbingu inaingia ndani. Bi Mize mwenyewe kakaa nje juu ya furushi lake. Halii. Ni mjane, nyumba hiyo aliijenga na marehemu mumewe, wakibeba mawe kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniaga?"

"Bibi... zile X ni zangu."

Nyundo ikanyamaza. Majembe yakanyamaza.

"Zako vipi?" Faki akauliza kutoka juu. "Weye ndiye mwekezaji?"

"Nimezipaka mimi. Za wageni. Wakikimbia wajue pa kukata kona."

"Wanakimbia nini?" mama mmoja akauliza.

"Hawakimbii kitu. Wanafanya mazoezi."

"Lahaula! Mie nimeng'oa migomba yangu inayozaa, nikaileta mchangani, kwa mazoezi ya watu!"

Hapo ndipo yalipoanza matusi, na kicheko, na sijui kipi kiliuma zaidi. Wageni wangu hawakuelewa, wakaaga kwa mikono, wakaendelea kukimbia wakiruka mihogo, wakifuata X moja baada ya moja, na hakuna aliyepotea.

Bi Mize alingoja watu wapunguze kelele. "Mwanangu," akasema, "kuku wangu nimewagawa. Na nimemuomba radhi Chumu."

Bi Chumu ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, na hawa wawili walikuwa hawasemezani tangu sisi wadogo.

"Nilimuomba radhi kwa kuwa nahama," akasema. "Nimemwambia yote yaliyokuwamo moyoni. Sasa nitaishi naye vipi?"

Nikapanda juu ya paa. Kutwa nzima nilikuwa kule na Faki, tunarudisha mabati kwenye matundu yale yale, jua linanipiga mgongoni, na kila anayepita chini anauliza, "Bwana mwekezaji, hoteli inafunguliwa lini?" Tulipomaliza nikaufuta ukuta kwa mafuta ya taa mpaka ukabaki na rangi ya waridi, kisha nikaenda nyumba kwa nyumba kudai kuku. Hebu fikirini: kubisha hodi, kusalimia, kuuliza hali za watoto, kisha kuomba urudishiwe sadaka ya mtu. Nilipita katikati ya kijiji nimewabeba kuku kichwa chini, wanapiga kelele kwa niaba yangu.

Kuku aliyepewa Bi Chumu alikuwa ameshachinjwa. Akapakua mchuzi na paja zima bakulini, akasema, "Mpelekee mwenyewe. Mwambie chumvi nimepunguza, najua hapendi."

Rangi sigusi tena, hata ya kupakia mlango wangu. Mgeni akitaka njia namshika mkono, namuonesha kwa kidole, akipotea amepotea.

Nilimkuta Bi Mize kakaa chini ya paa lake. Alilipokea bakuli, akaonja, akaniambia salamu zimefika. Nilipoinuka akanisindikiza mpaka kizingitini, akaitazama pwani, imekwisha kuwa ya kijivu, migomba imelala mchangani.

"Na wakija wenyewe?"

"Wenyewe nani, bibi?"

"Wenye X zao za kweli."

Nikasema sijui.

"Haya, mwanangu. Kapumzike."

Nikatoka, na mlango ukafungwa nyuma yangu, na nikasikia akitia komeo.